Magurudumu yakigoma kushuka, rubani azunguke hadi lini?

Rubani akishusha magurudumu na taa za kijani, zinazoonyesha kuwa yameshuka na kujifunga, zisiwake zote, mafunzo yanamtaka asikimbilie kutua. Apande tena, azunguke, apitie taratibu za dharura, aulize mafundi walio chini, huku mafuta yakipungua. Ndege nyepesi hugusa ardhi kwa mwendo mdogo, na ikishika moto hakuna mengi ya kuungua. Ni hoja nzito, na safari ya ndege ya JetBlue 292 inaibeba vizuri.

Septemba 21, 2005, Airbus A320 hiyo ilitoka Burbank, California, kwenda New York. Ikabainika kuwa magurudumu ya pua yamegeuka nyuzi 90, yamekaa upande. A320 haina namna ya kumwaga mafuta angani, basi ikazunguka karibu saa tatu. Abiria walikuwa na televisheni mbele ya viti, wakajitazama wenyewe kwenye habari mubashara, burudani ambayo simtakii mtu. Ilipotua Los Angeles, rubani aliishikilia pua juu kadiri alivyoweza, kisha akaiachia. Tairi zikachanika, cheche zikaruka, ndege ikasimama. Kati ya watu 146 hakuna aliyeumia.

Wanaotilia shaka kuzunguka hutaja safari ya United 173. Desemba 28, 1978, DC-8 hiyo ilikuwa inakaribia Portland, Oregon. Magurudumu yaliposhushwa ulisikika mshindo, na taa za magurudumu makubwa hazikuwaka. Chuma kilicholiwa na kutu kilikuwa kimekatika, gurudumu la kulia likashuka ghafla kwa kishindo na kuharibu swichi ya taa. Lakini magurudumu yenyewe yalikuwa chini, yamejifunga barabara. Alama zilizo juu ya mabawa, ambazo mhandisi aliyekuwa ndani ya ndege na marubani alizikagua, zilionyesha hivyo hivyo. Nahodha hakuridhika, akataka pia abiria waandaliwe vya kutosha. Ikapita kama saa nzima. Mafuta yalitajwa, ila kwa sauti ya mtu asiyetaka kumkatiza mkubwa wake. Injini zikazimika, ndege ikaangukia mtaani kilomita chache kutoka uwanjani. Walikufa watu 10 kati ya 189. Moto haukuwaka, kwa kuwa hayakubaki mafuta ya kuwaka.

Miaka sita kabla yake, Eastern 401 iliangukia vinamasi vya Everglades, Florida, marubani wakiwa wameikodolea macho taa ya gurudumu la pua. Balbu ndiyo iliyokuwa imeungua. Walikufa 101.

Mtetezi wa kuzunguka atasema hayo ni makosa ya watu, utaratibu hauna kosa. Sawa, ila utaratibu hufuatwa na watu, na muda mrefu hauleti jibu kila mara. Novemba 1, 2011, Boeing 767 ya LOT, shirika la ndege la Poland, kutoka Newark ilifika Warsaw ikiwa imepoteza mafuta ya haidroliki, yaani yanayosukuma mitambo, si ya injini, na mfumo wa akiba wa kushusha magurudumu ukagoma. Ilizunguka takriban saa moja, mafundi wakitoa ushauri kutoka chini na ndege za kivita F-16 zikija kuichungulia. Hakuna kilichopatikana. Rubani Tadeusz Wrona akaitua kwa tumbo, na wote 231 wakatoka salama. Baadaye ikaonekana swichi moja ya usalama ya umeme ilikuwa imekatika. Iliporudishwa, magurudumu yakashuka. Kilichowafaa angani ni kupungua kwa mafuta ya injini tu.

Kwa hiyo naona kutua kwa tumbo kunaogopwa kupita kiasi. Hata hivyo siwezi kusema kutua haraka ndiko salama. Desemba 29, 2024, ndege ya Jeju Air iliyopigwa na ndege wa angani huko Muan, Korea Kusini, ilitua bila magurudumu dakika kama nne baada ya kutangaza dharura. Iliteleza hadi nje ya njia na kugonga tuta lenye zege lililobeba antena. Kati ya watu 181, walikufa 179. Mwenye injini zilizomeza ndege wa angani pengine hana nafasi ya kuchagua, na zege lile halikuwekwa na rubani.

Mwenye nafasi ya kuchagua ndiye ninayemdai. Mwaka 1981 shirika la United ilianza kuwafundisha marubani wake kusikilizana, na wadogo kusema wazi. Ningeongeza kwamba kabla ya mzunguko wa kwanza nahodha ataje kiasi cha mafuta ambacho kikifika atatua, taa ziwake zisiwake, abiria wawe tayari au la, na msaidizi wake apewe kazi ya kukitangaza.