Kipato cha kati tusikipime kwa hela tu

Mwandishi, kwenye makala yako umesema Tanzania imeingia kundi la nchi za kipato cha kati tangu Julai 2020, sawa, Benki ya Dunia ndo walitangaza na sibishi. Ila hiyo ni hela ya nchi nzima inagawanywa kwa vichwa, haikuambii nani kala na nani kalala njaa. Ndo maana yule mchumi wa Pakistani, Mahbub ul Haq, na wenzake wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walikuja na kipimo kingine 1990, wanaangalia mtu anaishi miaka mingapi na kasoma kiasi gani, sio mfukoni tu.

Mi nipo Ujiji huku Kigoma. Ada ya shule za serikali ilipofutwa 2016 mpaka kidato cha nne, mama mmoja jirani yangu anayekamua mawese alirudisha wanae wawili shule, nilifurahi sana jamani maana walikuwa wanashinda mwaloni kuanika dagaa. Sasa nenda kaone darasa lenyewe, dawati moja wamebanana wanne, kitabu kinazunguka, mwalimu hata madaftari hamalizi kusahihisha. Na mama mwenyewe mpaka leo anachemsha chikichi kwenye pipa kwa kuni, macho mekundu kwa moshi, halafu dumu la lita 20 mchuuzi ndo anampangia bei kwa sababu hana pa kuyahifadhi mawese asubiri bei ipande.

Serikali ilifanya vizuri 2022 kufuta ada ya kidato cha tano na sita pia, tunashukuru, lakini tunaomba walimu kwanza, na mashine za kukamulia zifike mpaka kwa wakinamama kama huyu.