Kwadi kwenye majangwa ya chumvi ya Magarini: nani achore njia?

Ukitoka Malindi kuelekea Garsen, ukivuka Sabaki na kuipita Mambrui, unaingia Gongoni na Marereni katika Magarini, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, nchi ya chumvi. Nyuma ya mikoko kuna viwanja vitupu ambavyo bahari huvifikia siku za bamvua tu, yaani maji yanapojaa kupita kawaida. Matembezi ya kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, yakitajwa huku, watu hugawanyika: kuna wanaoona ajira, na kuna wanaoona uharibifu.

Wa ajira wana hoja. Julai na Agosti kusi, upepo wa kusini, huvuma, bahari huchafuka na safari za kutazama matumbawe hupungua, ilhali mvua kubwa za masika huwa zimepita. Kijana anayejua ardhi ya kwao anaweza kulipwa kwa ujuzi huo. Na ujuzi unahitajika kweli. Gamba la juu ni kama ukoko wa wali, gumu na jeupe, lakini chini yake kuna tope. Bamvua likishapita, ardhi hutaka siku kadhaa kukauka, kwa hiyo siku nzuri ni za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, takriban siku ya 7 hadi 12 na ya 21 hadi 27 ya mwezi mwandamo. Kwadi ikizama, mgeni huongeza mafuta na gurudumu hujichimbia zaidi. Dawa ni kuachia mafuta, kushuka, kuondoa tope nyuma ya magurudumu, kulaza mbao, kisha kuivuta kinyumenyume kwa kamba, maana ardhi ya nyuma imeshathibitisha kwamba inabeba.

Hatari kubwa zaidi ni mwendo. Pasipo mti wala nyumba mtu hahisi kasi yake, na mfereji wa maji hauonekani mpaka uko mbele ya gurudumu. Kwadi ina uzito wa zaidi ya kilo 200, na ikipinduka humlalia dereva. Wenzo wake wa mafuta hubanwa kwa kidole gumba, na mwanafunzi akishtuka hubana badala ya kuachia. Kwa hiyo kabla ya kuondoka kila mgeni afanye zoezi la kusimama ghafla, mara kadhaa. Kiongozi mmoja atangulie, mwingine afunge msafara, na kwadi ya mtu mmoja isipakie wawili.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Alama ya tairi kwenye tope la namna hii haifutiki upesi. Hushindilia udongo, hugeuka mfereji, na kubadilisha njia ya maji yanayolisha mikoko. Ukingoni, mizizi ya kupumulia ya mchu, aina ya mkoko, imesimama wima kama vidole vyembamba, na tairi moja huivunja kwa safu. Kisha kuna ndege. Kuanzia Septemba hadi Aprili vitwitwi, ndege wadogo wa pwani, kutoka kaskazini ya dunia hula kwenye matope maji yakipwa, na yakijaa hukimbilia viwanja hivi kupumzika. Kuwarusha kila mara ni kuwachomea mafuta ya mwilini wanayohitaji kwa safari ya kurudi.

Lakini kidonda cha Magarini ni cha zamani kuliko kwadi. Malalamiko ya wakazi dhidi ya viwanda vya chumvi, ya ardhi na ya visima kuingia chumvi, yalifikishwa mbele ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, iliyotoa ripoti mwaka 2006. Sasa fikiria kwadi. Lazima ioshwe siku hiyo hiyo kwa maji matamu, hasa chini, kwenye breki na viungo vya nyaya, na kupakwa grisi, la sivyo chumvi huila. Mwendeshaji anayechota maji hayo kwenye kisima cha kijiji anatonesha kidonda hicho. Aje na maji yake.

Kwa maoni yangu matembezi haya yanaweza kuruhusiwa, ila katika njia moja tu iliyochorwa. Uharibifu mwingi hutokana na kiongozi kutafuta chumvi isiyokanyagwa ili picha ya mgeni ipendeze. Njia iwekewe vigingi, ikae mbali na mikoko na makundi ya ndege, na isipite juu ya matuta ya mabwawa ya chumvi, maana tuta likibomoka maji ya chumvi hutoka yote. Wazee na wavuvi wa kijiji ndio waichore, si hoteli. Mkataba wake usainiwe na kamati ya kijiji kabla ya kwadi ya kwanza kushushwa, na siku za bamvua ziandikwe humo kuwa siku za kufunga.