Wingu halimpigi rubani

Ndege ndogo ikianguka, utasikia watu wakisema eti “hali ya hewa ilibadilika ghafla ikaiangusha ndege”, kana kwamba wingu lilishuka likampiga rubani ngumi. Nimejifunza kurusha ndege ya injini moja, na ninavyojua mimi mara nyingi injini inakuwa inanguruma vizuri tu hadi mwisho. Rubani aliyezoea kuona ardhi anaingia mawinguni, na hapo umajimaji wa sikio la ndani unamdanganya: anahisi yuko sawa, kumbe ndege imelala upande na inazunguka ikishuka. Akivuta usukani ili apande, mzunguko unazidi kukaza. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wasio na uzoefu wa kurusha bila kuona nje, kwa kutegemea vipimo vilivyo mbele ya rubani peke yake. Kwa wastani walipoteza udhibiti ndani ya sekunde 178. Hata dakika tatu hazijatimia! Siku moja mawingu yalianza kushuka, mwalimu akaniambia geuza sasa hivi, si baada ya kile kilima. Nilinuna, maana tulibakiza dakika kumi tu kufika. Mnaorusha, nani hapa amewahi kugeuza akaishia kulaumiwa na abiria?