Je, Kiingereza cha vijana wetu kimeshuka kweli?
Waajiri wengi nchini Tanzania wanalalamika kwamba kijana mwenye shahada hawezi kuandika barua ya maombi ya kazi kwa Kiingereza bila kunakili ya mwenzake, na kwamba kwenye usaili akiulizwa jambo nje ya yale aliyokariri, anakwama. Wazee waliosoma miaka ya sabini na themanini huongeza kuwa enzi zao hata wa kidato cha nne alikiandika Kiingereza kilichonyooka.

Hoja hiyo ya enzi ina walakini mkubwa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili badala ya Kiingereza kuanzia mwaka 1985, na serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu, wakakuta Kiingereza cha wengi wao ni hafifu mno kiasi cha kutoweza kubeba masomo mengine. Wengi wanaowasema vijana leo walikuwa madarasani wakati huo. Tukumbuke pia kwamba tulipopata uhuru, sekondari za nchi nzima zilikuwa na wanafunzi wapatao 12,000 tu, waliopenya kwenye mchujo mkali. Kumlinganisha mteule wa wakati ule na mtoto yeyote wa leo aliyefikiwa na shule ya kata, yaani sekondari ya serikali ya karibu na kwao, si haki.

Hata hivyo, siwezi kuwaambia waajiri kwamba wanaota. Shule za kata zilipofumuka kuanzia mwaka 2004, nyingi ziliendeshwa na vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi, wale walioitwa mitaani walimu wa voda fasta, na baadhi yao walikuwa bado wanahangaika na lugha ileile waliyotakiwa kufundishia. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini darasani hasahihishi insha, akizitoa, hazirudi. Huko msingi nako mtihani wa darasa la saba kwa miaka mingi umekuwa kwa sehemu kubwa wa kuchagua herufi ya jibu, hivyo mtoto anafika kidato cha kwanza akiwa hajawahi kuandika aya moja ya Kiingereza iliyo yake mwenyewe.

Ingia kwenye kipindi cha baiolojia cha kidato cha pili. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili jinsi jani linavyotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, darasa linaelewa, maswali mazuri yanaulizwa. Kisha anageukia ubao, anaandika notsi kwa Kiingereza, na wote wanainama kunakili. Siku ya mtihani, mtoto yuleyule aliyeuliza swali zuri ananakili swali kwenye nafasi ya jibu, kwa kuwa hana sentensi ya kusemea anachokijua. Hapo amekosa vyote viwili, baiolojia na Kiingereza.

Wanaotaka Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza wanaona sawasawa kwamba ajira na vitabu vya vyuoni vinakidai, na mzazi anayejinyima ili mwanawe asome mchepuo wa Kiingereza hapaswi kudharauliwa. Lakini shule hizo zinafaulu kwa sababu ya madarasa madogo, vitabu na walimu wanaolipwa, mambo ambayo amri ya kubadili lugha haiwezi kuyaleta kwenye shule ya kijijini. Kwa upande wangu naegemea kwa wanaotaka Kiswahili kitumike kufundishia, jambo ambalo Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliruhusu kwa ngazi zote ingawa mitihani ya sekondari imebaki kwa Kiingereza. Ninachowapinga wenzangu ni kudhani kwamba baada ya hapo Kiingereza kitajitunza chenyewe. Kikiachwa bila walimu waliokisomea hasa, bila maktaba na bila insha zinazosahihishwa, mtoto wa mwenye uwezo atakipata shule ya kulipia, na mtoto wa mkulima atafungiwa mlango wa kazi zilezile tunazolalamikia leo.