Zaburi ya Terminali

Mke wangu ana sheria moja kuhusu sebule: kisicho na kazi hakilali humo. Kwa sheria hiyo tumeshaagana na gitaa, baiskeli ya mazoezi na mdogo wangu. Basi jioni niliyoingia na terminali ya VT220 kifuani, jasho likinitiririka, hakuuliza nimeitoa wapi. Aliuliza, "Inafanya nini?"

Kwa mwenye terminali hakuna swali gumu kuliko hilo. Ukiitazama ni kompyuta kabisa: skrini ya inchi 12, kibodi, swichi, hata joto inatoa. Lakini ndani hamna faili, hamna diski, hamna programu ya kuandikia barua. Kazi yake ni kuonyesha herufi zinazokuja kwa waya kutoka kompyuta iliyoko kwingine, na kupeleka huko zile unazobonyeza wewe. Zamani ofisi ilikuwa na kompyuta moja, imefungiwa chumba chake chenye baridi, na wafanyakazi kila mmoja ana terminali mezani. Nilimweleza yote hayo. Akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo umebeba mdomo na macho, kichwa umekiacha huko huko."

Huko huko ni Maynard, Massachusetts, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka kwetu Lowell. Ndiko Digital Equipment Corporation ilikoanzia mwaka 1957, ndani ya kiwanda cha zamani cha sufu. VT220 waliitoa mwaka 1983. Kampuni ilikuja kununuliwa na Compaq mwaka 1998, lakini wahandisi wake walibaki na nyumba zao na gereji zao, na wakizeeka wakataka kuhamia Florida kwenye jua, gereji hutapika. Mzee mmoja nilimsaidia kubeba jokofu. Nilikataa pesa yake kwa heshima za nyumbani, naye akanilipa kwa hii.

Kuiwasha ni raha tupu. Inajipima yenyewe, inalia tii, kisha katikati ya skrini, kwa rangi ya kaharabu, inaandika "VT220 OK". Salamu zimeisha. Inabaki alama inayopepesa, inasubiri mtu wa kuzungumza naye. Mimi nilimpa Raspberry Pi, kompyuta inayoingia mfuko wa shati. Kati yao lazima waya uwe umekatizana, anaposemea huyu ndipo asikilizie yule. Ukiwaunganisha moja kwa moja wote wanasema na hakuna anayesikia, na mikutano ya namna hiyo tunayo ya kutosha. Halafu unabonyeza F3, unaingia kwenye menyu ya kuseti, unahakikisha pande zote mbili zimekubaliana: kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti 8 kwa herufi, bila pariti, yaani bila biti ya kukagua makosa. Wakitofautiana, skrini inajaa alama za kuuliza zilizotazama nyuma.

Kibodi yake nayo ina tabia zake. Haina Esc, ukiitaka ubonyeze F11. Ina kitufe kimeandikwa Do na kingine kimeandikwa Help. Nimeshabonyeza Help mara nyingi. Sijasaidiwa.

Ilibaki kuipatia kazi kabla sheria ya sebule haijaifikia. Mimi ni katibu wa chama chetu, na mwezi huo tulikuwa tunachangia harusi ya kijana wa mmoja wetu. Mkutano ulikuwa kwangu. Nikamwambia mke wangu, orodha ya michango itaonekana hapa, kila mtu aone jina lake na alichotoa, herufi kubwa na zinazong'aa. Akasema tutaona. Mweka hazina alipita jana yake, akaingiza majina na pesa yeye mwenyewe, kwa sababu siku ya mkutano alikuwa na zamu kwenye nyumba ya wazee. Faili likakaa kwenye Pi likisubiri.

Watu wakajaa. Chai ikamiminwa, mandazi yakazunguka. Mama mkwe, ambaye mtaa mzima unamwita Shosho, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nyeri, akapewa kiti kilicho mbele kabisa ya skrini. Jirani yetu wa Bukavu alikaa karibu na mlango. Si mwanachama, lakini haiwezekani kupika mandazi Lowell na jirani asialikwe. Mwenyekiti akafungua kwa sala, akaendelea kufungua kwa hotuba, na mimi nikatoka kidogo kuongeza sukari jikoni.

Hapo ndipo mpwa wangu alipoamua kusaidia.

Mpwa wangu amesomea kompyuta, ana cheti na kingine juu ya cheti. Aliona kwenye Pi kuna picha ya maharusi, akafikiri itakuwa vizuri ikionekana kabla ya orodha. Akaandika amri ya kumwaga faili kwenye skrini, akabonyeza Return. Ndugu zangu, VT220 haijui picha. Inajua herufi. Kila baiti ya bwana na bibi harusi, yaani kila namba kati ya 0 na 255, iliingia kama herufi au kama amri, na ilikuwa picha ya megabaiti tatu. Kwa kasi ya 9600 zinapita herufi 960 kwa sekunde, kwa kuwa kila herufi hula biti kumi pamoja na ya kuianza na ya kuimaliza, maana yake maharusi wale wangehitaji karibu saa nzima kumaliza kupita.

Namba 7 kwa terminali ni kengele. Katika faili kama hilo, katika kila baiti 256 karibu moja ni namba 7. Piga hesabu: kengele karibu nne kila sekunde. Nilisikia nikiwa jikoni, nikadhani ni king'ora cha moshi, nikazima jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Niliporudi mpwa wangu alikuwa anatafuta Esc. Hakuna Esc. Akabonyeza Help. Kengele. Akabonyeza Do. Kengele. Nikampita, nikabonyeza Ctrl na C, ikanyamaza.

Lakini haikuwa imetulia, kwa sababu katikati ya takataka zile mlikuwa na baiti fulani ambayo kwa VT220 ni swali: wewe ni nani? Nayo ina adabu, ikiulizwa hujibu, na jibu lake linaingia kwenye kompyuta kama vile limeandikwa na mtu kwenye kibodi. Mikono yangu nilikuwa nimeshaiondoa. Sebule nzima ikaona namba zinajiandika zenyewe:

62;1;2;6;7;8;9

"Nani anaandika?" akauliza Mwenyekiti.

Nikaanza kueleza. 62 ni ukoo wake, 1 ni kwamba inaweza safu 132, 2 ni kwamba ina tundu la printa... Shosho alikuwa ameshavaa miwani na kufungua Biblia.

"Zaburi ya sitini na mbili," akasema. "Mstari wa kwanza, wa pili, wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa. Ile ya maadui imeiruka."

Akasoma. Nafsi inayomngoja Mungu kwa kimya, na kwa kweli wakati huo kimya kilikuwa kikubwa. Mwamba, wokovu, kimbilio. Akafika mstari wa tisa, na kama huukumbuki, ni ule unaosema walio wanyonge ni ubatili na wenye vyeo ni uongo, na wakiwekwa kwenye mizani wote hawana uzito. Mbele ya orodha ya michango! Mwenyekiti alikunja kitambaa chake cha mdomo mara mbili. Mimi nilikuwa na maelezo kamili ya kitaalamu, lakini huwezi kumkatiza mama mkwe wako akisoma Neno ili umwambie ni tundu la printa.

"Katibu," akasema Mwenyekiti alipopata sauti, "tuletee orodha."

Nikaileta. Na hapa kuna jambo la kujua kuhusu mashine hizi. Zina seti ya pili ya alama, ya kuchorea fremu na majedwali. Asubuhi ile nilikuwa nimefungua programu inayochora fremu, na programu hiyo huiacha seti hiyo tayari, ikisubiri baiti moja tu ya kuiita. Maharusi waliiita. Katika seti ya michoro herufi kubwa hazibadiliki, tarakimu hazibadiliki. Herufi ndogo zote zinageuka mistari, kona, misalaba na alama nyingine.

Kwa hiyo tuliona pesa zote vizuri sana. Majina hatukuona hata moja. Herufi ya kwanza ipo, zilizofuata ni mabomba. Herufi a ni kipande cha drafti, na majina yetu mnavyojua yalivyojaa a. Ikawa vibaya zaidi kwa wenye g, kwa sababu g inageuka ±, na akina Mwangi hukosi watatu katika mkutano wowote Lowell. Wote watatu wakaonekana wametoa pesa ya kukadiria. Akina Nyambura, kwa ajili ya y, walipata ≤. Mwalimu mmoja wa hesabu akawafafanulia wenzake kwamba maana yake ni "kiasi hicho au pungufu". Mzee mmoja aliyeandikishwa kwa cheo cha Mzee alipata ≥, akaambiwa ni "si chini ya hapo", akasema mashine inamfahamu.

Nikanyoosha mkono kwenye F3 niirekebishe, Mwenyekiti akanizuia. "Muda unakwenda. Namba zinasomeka." Akaenda na namba. "Kuna hapa mtu wa M, dola 300. Asimame tumshukuru."

Wakasimama wanne. Wakatazamana. Hakuna aliyekaa.

Akaendelea kushuka hadi chini. "Na kuna huyu wa dola 10." Kimya cha Zaburi kikarudi. Mwenyekiti akamzungumzia huyo wa dola 10 kwa muda, bila kumtaja, maana hakuna aliyeweza kumtaja: kwamba harusi si chai, kwamba mandazi aliyokula leo peke yake yanazidi. Kila mtu alimwangalia mwenzake, na kwa kuwa kila mtu alijua anaangaliwa, pochi zikaanza kufunguka. Mmoja aliongeza 50 "asije mtu akadhani". Mwingine 40. Mpwa wangu, ambaye hakuwa kwenye orodha kabisa, alitoa 20 kwa hofu tu.

Katika fujo hiyo mpwa wangu akafika kwenye F3 kabla yangu, akabonyeza vishale na Enter kwa kasi ya vijana, na menyu yote ikageuka Kifaransa. VT220 inaijua menyu yake kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Sisi kwa pamoja tulikuwa na kimoja.

"Mjomba, sasa imeharibika kabisa," akasema.

Jirani wa Bukavu akaweka kikombe chini, akaja pole pole akijifuta sukari vidoleni. "Ah, papa, hii njo Kifaransa!" Akasoma, akateremka kwa vishale, akasimama penye kurudisha mashine katika hali yake, akabonyeza Enter. Nikaiita orodha upya. Majina yakarudi yote.

M wa dola 300 alikuwa yeye, jirani. Wale wanne walikaa pamoja, kama walivyosimama. Yeye alishaanza kurudi kwenye kikombe chake.

Mke wangu ndiye aliyesoma mstari wa mwisho kwa sauti, na simlaumu, yeye ndiye aliyekanda unga wa mandazi. Dola 10. Mwenyekiti.

"Sifuri imeliwa," akasema Mwenyekiti papo hapo. "Mashine iliyokula majina yote itashindwa kula sifuri moja?"

Nikasema tarakimu haziguswi. Akaniambia nisimfundishe. Wakati huo mlango ukafunguka, mweka hazina akaingia na sare yake ya kazi, hata koti hajavua. Akatoa simu, akamwonyesha Mwenyekiti ujumbe wake mwenyewe wa dola 10, kisha akaanza kuhesabu pesa zilizokuwa mezani. Akahesabu tena. Akauliza zimetokea wapi, tukamsimulia wote kwa pamoja, kila mtu na sehemu yake.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanivuta kando, akaniuliza kama ile picha ya maharusi bado ninayo.