Msitu wa Miyawaki utafaa bustani za Unguja?

Akira Miyawaki, mtaalamu wa mimea wa Japani aliyefariki 2021, aliijua miti ya asili ya kwao kwa kuchunguza vichaka vya mahekalu, pahala ambapo shoka halikupita. Miaka ya 1970 alipanda misitu ya miti hiyo, iliyosongamana, kuzunguka viwanda vya kampuni ya chuma ya Nippon Steel. Leo wanaobuni bustani za miji wanamfuata: Uholanzi walianza mji wa Zaandam, 2015. Sisi tunayo misitu ya mizimu, na hifadhi za Jozani (Unguja) na Ngezi (Pemba), ya kutuonesha miti ya kwetu.

Kanuni yake ni nzito kwenye udongo. Ardhi hutifuliwa hadi karibu mita 1 na kutiwa mboji. Kisha miche ya miti mirefu, ya kati na vichaka hupandwa mchanganyiko, 3 kwa mita ya mraba, bila mistari. Eneo la mita za mraba 200 hula miche 600. Magugu hung'olewa miaka 2 hadi 3, baada ya hapo msitu hujitunza.

Kwenye kinongo, udongo wenye kina, jembe linazama. Kwenye uwanda, ardhi ya mawe ya matumbawe, linagonga jiwe mapema, na maji ya mvua yanapotelea kwenye nyufa. Tuta la nusu mita husaidia, na Miyawaki mwenyewe alipandia matuta, lakini udongo wa kujazia utachimbwa kwa nani? Afadhali mboji ya majani, iliyooza kweli: ikiwa bado ina moto ndani, itaunguza mizizi. Miche iingie masika yanapoanza, ifunikwe makumbi. Ya vuli hukutana na jua la Januari mizizi ikiwa bado juu juu.

Pingamizi kubwa zaidi ni la watu. Bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, watu hukaa kupunga upepo wa bahari, wauza vyakula hupanga meza, watoto hukimbia. Kichaka kizito katikati kingeziba upepo na macho, na magharibi ikiingia akina mama wangekikwepa. Hapo mti mmoja wenye kivuli kipana una thamani kuliko miche 600. Msitu wa Miyawaki naona mahala pake ni ukingo wa bustani upande wa barabara, ukanda wa mita 4 hivi, uzuie vumbi na kelele.

Mtondoo, mti wa pwani, uwemo, maana unastahamili chumvi. Ila vitalu vikizoea mvinje na mwarobaini, miche ya asili haipatikani kwa wiki moja. Mbegu zikusanywe mwaka mmoja kabla. Na miche ikianza kufa kwa kusongana, isijaziwe mingine: msongamano ule ndio unaoisukuma iliyobaki kwenda juu.