Dalali Akisema "Si Mbali na Lami", Vaa Raba

Jamani, dalali wa Dar akikwambia nyumba iko "umbali wa kutembea kutoka barabarani", muulize anatembea nani. Wangu alinipitisha vichochoro vya Mbagala mpaka viatu vikabadilika rangi, na kila nikiuliza jibu ni lile lile: "Bosi, si pale tu kwenye mwembe." Miembe tumeipita mpaka nimeichoka. Na hela ya kuonyeshwa nimeshamlipa, ambayo hairudi hata akikuonyesha banda la kuku.

Tumefika. "Chumba masta hiki, bosi." Choo kimo ndani kweli, ila mlango wake ni pazia, tena limeishia magotini. Mazingira tulivu? Sana tu, bodaboda wenyewe saa mbili usiku hawakanyagi. Halafu eti kodi ni maelewano. Ameshaelewana mwenye nyumba na nafsi yake: miezi sita mbele, na mwezi mmoja juu wa dalali.

Mama watoto akasema, "Baba Zuhura, tumechoka kupanga, tununue kiwanja." Haya. Muuzaji akanitolea karatasi ina muhuri wa serikali ya mtaa, kaishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, anaiita hati. Hati gani? Ile inaonyesha mliuziana mbele ya mwenyekiti. Kama alikuwa na cha kukuuzia, hilo utajuana naye, ukimpata. "Kimepimwa hiki?" "Kimepimwa, mzee." Namba ya kiwanja sasa? Akaanza kuangalia mawingu.

Hati miliki yenyewe, ile ya wizara, nayo ina vituko. Unapewa miaka 33, 66 au 99, kwa sababu ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Sheria ya Ardhi ya 1999 ndivyo inavyosema. Kwa hiyo hata tajiri wa Masaki ni mpangaji mwenzangu! Tofauti ni kwamba yeye hagongewi mlango alfajiri, analetewa bili ya kodi ya pango la ardhi.

Nikaenda benki. Dada mpole, kanikaribisha na maji. "Kaka, mkopo wa nyumba upo, hati unayo?" Dada yangu, hati ndiyo naitafuta! Akanielewesha: nyumba wanaiweka rehani, hati inakaa kwao mpaka umalize, ukishindwa inapigwa mnada. Mfano wake ulikuwa milioni 50 kwa miaka 15, riba asilimia 15 kwa mwaka, "ila kaka, ni ya salio linalopungua, yaani inapigwa kwenye deni lililobaki tu." Kusikia kupungua nikachangamka, nikasogeza kiti.

Rejesho karibu laki saba kila mwezi. Mwezi wa kwanza, laki sita na elfu 25 zote riba. Deni lenyewe linapungua elfu 75. Piga mpaka mwisho, inakaribia milioni 126, na hapo mchango wako wa mwanzo, hela ya mthamini na ya mwanasheria bado. Kiti nikakirudisha.

"Na kuna bima ya mkopo," akaongeza kwa tabasamu, "ukifariki deni linalipwa." Kwa hiyo njia ya mkato ipo!

Nimerudi zangu kwenye chumba changu. Juzi nanunua umeme, wamekata shilingi 1,500 ya mwezi, kodi ya jengo. Jengo la nani? Hati sina, kiwanja sina, kodi ya jengo nalipa. Nikamfuata mwenye nyumba, nikamwambia kwa adabu zote, mzee wangu, hii ni ya mwenye jengo, naomba tuipunguze kwenye pango. Akanisikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akanipa na pole.

"Baba Zuhura, vuta subira. Si mkataba unaisha mwezi ujao? Hilo tutaliongea siku nakwambia kodi mpya."